Kwa nini barabara ya Katindo hujaa asubuhi

Asubuhi karibu Goma nzima huelekea upande mmoja, na sababu ni umbo la mji wenyewe. Kusini kuna Ziwa Kivu, mashariki mpaka wa Rwanda, kaskazini volkano ya Nyiragongo, ambayo mwaka 2002 ilipitisha lava katikati ya mji hadi ziwani. Mji umebaki na njia moja kuu ya kupanuka, nayo ni magharibi: Himbi, Kyeshero, Ndosho, Mugunga. Ofisi nyingi na biashara za Birere na Virunga hazikuhama. Katindo tuko katikati, msafara wote unatupitia.

Bisi hufuata lami. Ukiiacha lami, avenyu nyingi ni mawe ya lava, na hapo anayekufikisha mlangoni ni motari, yaani mwenye pikipiki ya abiria. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaodai kwamba wamotari ndio walioharibu mji: wameziba pengo ambalo hakuna aliyetaka kuliziba. Ila abiria wetu wengi hupanda bila kofia ngumu, na hilo linaniuma, maana hapo Gisenyi tu, ng'ambo ya mpaka, abiria huivaa kwa lazima.

Hatari kubwa ninayoiona iko kwenye gari dogo. Dar es Salaam na Nairobi zimeonyesha mwendo huo: mtu akipata kipato huchoka kusubiri bisi, hununua gari, na kila gari jipya humcheleweshea safari yule aliyebaki ndani ya bisi, mpaka naye atamani lake. Gari lenye mtu mmoja hushika karibu nafasi ileile ya bisi ya Hiace yenye watu kumi na wanne au zaidi. Dar walianza kuukata mzunguko huo mwaka 2016, mabasi ya mwendokasi yalipopewa njia yao peke yao.

Goma haihitaji kungoja fedha za mradi kama huo; inaweza kuanza na mlango wa bisi. Hiace nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, wanakoendesha kushoto, kwa hiyo mlango wa abiria uko kushoto. Sisi tunaendesha kulia. Ikisimama Hiace ambayo mlango wake haujahamishwa, mama mwenye mtoto mgongoni anashukia katikati ya barabara, pikipiki zikimpita ubavuni, na magari yote nyuma yanasimama. Tuanze na mlango: bisi isipewe kibali cha kubeba abiria kabla haujahamishiwa kulia, kisha ichimbwe mifuko ya vituo nje ya lami, kuanzia hapa Katindo.