Kabla Hujachomelea Fremu ya Pikipiki, Soma Hii Kwanza

Leo tuiweke siasa pembeni kidogo, tuongelee chuma. Najua wengine mnasoma hapo kafe huku dakika zinahesabika, kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye mada.

Vijana wengi mtaani wanautaka ujuzi wa kuchomelea, na sababu iko wazi. Nenda kijiwe chochote cha bodaboda, hutakosa keria iliyokatika, stendi iliyopinda au fremu yenye ufa. Kazi ipo. Ila kuna jambo moja la kulielewa kabla hujashika mashine. Geti likichomelewa vibaya litaning'inia, mwenye nyumba atalalamika, mtarudia, yameisha. Fremu ya pikipiki ikichomelewa vibaya inaachia ikiwa kwenye mwendo, abiria yuko nyuma na pengine mtoto kabanwa katikati. Kwa hiyo anayejifunza kazi hii ana watu wawili wa kuwalinda: yeye mwenyewe leo, na yule atakayepanda kesho.

KWANZA: JILINDE WEWE

Macho. Mwanga wa kuchomelea una mionzi kama ile ya jua, ila kwa karibu na kwa ukali wa ajabu. Ubaya wake ni kwamba husikii kitu palepale. Ni saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku umeshalala, ndio macho yanaanza kuuma kama yamejaa mchanga na machozi hayakatiki. Kwa kawaida yanapona ndani ya siku 1 au 2, lakini kuyaunguza kila wiki ni kujitafutia balaa. Miwani ya jua haisaidii, hata ukivaa mbili. Tumia ngao ya uso yenye kioo cheusi namba 10 au 11, na ndani yake uvae miwani myeupe ya kazi, manake ganda la mshono likigongwa huruka la moto. Na wale watoto wanaokusanyika kutazama cheche? Waondoe, au zungushia turubai.

Moshi. Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Mabomba ya maji yenye zinki yanapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, ndiyo maana yanaishia kuwa keria na gadi za pikipiki. Sasa sikiliza hesabu: zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Maana yake kabla chuma hakijayeyuka, zinki imeshageuka moshi mweupe. Ukiuvuta, baada ya saa 4 hadi 10 hivi unapata homa, unatetemeka, misuli inauma na mdomoni kuna ladha ya chuma.

Kwetu huku homa hiyo jina lake ni malaria. Mtu anameza dawa bila kupima, baada ya siku 1 au 2 anapata nafuu, anasema dawa imefanya kazi. Kumbe homa ya moshi wa metali huwa inaisha yenyewe ndani ya muda huohuo, naye keshokutwa anarudi kuuvuta tena. Ukipata homa baada ya kuchomelea, kapime, na umwambie daktari ulikuwa unafanya kazi gani. Kifua kikibana au pumzi ikiwa fupi, usingoje kukuche.

Vipi kuhusu maziwa? Kunywa tu, ni chakula kizuri. Lakini maziwa yanakwenda tumboni na moshi unakwenda mapafuni, hawakutani. Kinga ya kweli ni kuisaga zinki yote hadi chuma kitupu, sentimita 5 kila upande wa kiungo, ukiwa umefunika pua na mdomo. Halafu chomelea mahali pa wazi, upepo ukitokea ubavuni, kichwa kikiwa nje ya moshi. Na usidhani chuma kisicho na zinki ni salama kabisa. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa kuchomelea, wa aina zote, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Umeme. Kishikio cha elektrodi kinaweza kuwa na volti 50 hadi 80 hata kabla hujagusa chuma. Ukiwa mkavu, na glovu za ngozi na viatu vya kufunika, unasalimika. Ukiwa umelowa jasho, umesimama na ndala kwenye maji, unaweza kufa. Waya uliochubuka ubadilishwe, usizungushiwe mfuko wa nailoni. Nguo ziwe za pamba, sio zile jezi za kuteleza. Zile zikipata cheche zinayeyukia kwenye ngozi.

Petroli. Usichomelee pikipiki ikiwa na tangi lake. Lifungue, lipeleke mbali. Wengine wanasema "halina mafuta hilo". Hilo ndilo la hatari zaidi! Kinacholipuka ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na tangi tupu limejaa mchanganyiko huo. Toa na betri, chomoa vifaa vya umeme, halafu bana waya wa ardhi karibu kabisa na unapochomelea. Ukiubana mbali, umeme utapita kwenye beringi na kuzila. Usiguse shokapu kwa moto, ndani yake kuna mafuta na mara nyingine gesi iliyobanwa. Na grisi usiiondoe kwa dawa ya kopo ya kusafishia breki yenye klorini; mabaki yake yakikutana na mwanga na joto la kuchomelea hutoa fosjini, gesi ya sumu iliyotumika vitani 1914 hadi 1918. Futa kwa sabuni na maji, kausha vizuri, kisha piga brashi ya waya.

Weka ndoo ya mchanga karibu, na ukimaliza subiri angalau nusu saa kabla hujaondoka. Moto wa cheche una tabia ya kujificha.

PILI: MLINDE ATAKAYEPANDA

Mshono mzuri kwa macho sio lazima uwe mshono imara. Unaweza kulaza chuma juu kikang'aa kama nyoka, kumbe chini hakijashikana na bomba. Fundi anayeanza anadanganywa na sura. Dawa ya hilo ni mazoezi ya kuharibu.

Tafuta vipande chakavu vya bomba vyenye unene uleule wa kazi utakayofanya. Fremu nyingi za pikipiki ndogo ni chuma cha kawaida chenye ukuta wa milimita 2 hivi. Kwa ukuta huo anza na elektrodi E6013 ya milimita 2.5 kwenye ampia 60 hadi 80. Ukuta ukiwa mwembamba zaidi, shuka kwenye elektrodi ya milimita 2 na punguza moto. Unganisha vipande viwili, acha vipoe vyenyewe, kisha kata kiungo kwa msumeno utazame ndani. Kingine bana kwenye jiliwa, ukigonge kwa nyundo hadi kipinde. Kikiachia kwenye mshono, rudia. Bomba likipinda na mshono ukabaki, hapo umeanza kuelewa.

Mambo mengine ya kuzingatia:

1. Kiungo kikae sawa kabla ya moto. Bomba linaloingia ubavuni mwa jingine likatwe mfano wa mdomo wa samaki, litupwe tupa hadi lishike kote. Pengo kubwa usilijaze kwa elektrodi.

2. Shika kwanza kwa vidoti vinne, pima, kisha chomelea kwa kuhama upande huu na ule wa pili. Ukizunguka moja kwa moja, joto litaivuta fremu na matairi hayatafuatana.

3. Bomba linalofungwa pande zote liachie tundu dogo la kupumulia. Hewa ikipata moto inatanuka na inaweza kukurushia chuma kilichoyeyuka usoni.

4. Usimwagie maji mshono. Chuma kikipozwa ghafla kinaweza kuwa kigumu na kupasuka, hasa kile cha aina imara.

5. Ufa haufunikwi. Toboa tundu la milimita 3 pale unapoishia ili usiendelee, uchimbe kwa grainda uwe kama herufi V, ndipo ujaze. Kisha tafuta kilichousababisha, la sivyo utarudi pembeni ya mshono.

6. Namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa kwenye shingo, usiisage. Ikifutika, mwenye pikipiki ana kesi polisi.

Mshono ukishapoa kabisa, kuna kipimo cha bei ya chumvi. Paka mafuta ya taa juu yake, subiri dakika kama 15, futa pakauke, kisha paka unga wa chaki. Palipo na ufa mafuta yatarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Ukiuona, safisha mafuta yote kabla hujawasha tena mashine.

KAZI ZA KUKATAA

Panda ngazi taratibu. Anza na keria na stendi, kisha gadi, kisha vipande vya nyuma vya fremu huku fundi mzoefu akikusimamia. Shingo ya fremu, mkono unaoshika tairi la nyuma na mabomba ya shokapu za mbele sio kazi za mwanafunzi. Mengine hayachomelewi kabisa, yanabadilishwa.

Anayetaka kusoma rasmi, VETA wanafundisha uchomeleaji. Na kama ulijifunzia gereji, VETA hao hao wana utaratibu wa kuwapima mafundi wa mtaani na kuwapa cheti bila kuanza upya darasani. Ulizia chuo kilicho karibu nawe.

Siku moja atakuja mshikaji jioni, shingo ya fremu ina ufa, ana abiria anamsubiri, atakwambia: "Fundi, nipigie kidoti kimoja tu nifike." Hela iko mkononi mwake na wewe hujala. Mwambie hapana. Atanuna, pengine atakwenda kwa mwingine, lakini kidoti hicho hakitakuwa chako.

Mafundi mlioko Gerezani na kwingineko, ongezeni nyama hapo chini kwenye maoni, na penye kasoro sahihisheni. Kazi kwenu.