Tangi Moja: Siku Kumi na Mbili au Miezi Minne

Ukitoka Nyeri mjini mwezi wa Februari ukipanda kuelekea Ihururu au Wamagana, utawajua wanaonyunyizia maji na wasionyunyizia bila kumwuliza mtu. Boma moja ukoka wake umegeuka rangi ya gunia. La jirani, ng'ambo ya ua wa kaiyaba, linang'aa kijani. Majira hayo Wakikuyu huyaita themithu. Mvua ya mwere imekwisha kufikia Mwaka Mpya, mvua ya njahi haitarajiwi hadi katikati ya Machi, na kati ya hizo mbili kuna wiki kumi hivi za jua kali mchana na baridi ya kuuma usiku. Ndizo wiki za mgao wa maji.

Mgeni hushangaa akisikia kwamba huku kwetu Tetu kuna mgao. Msitu wa Nyandarua uko juu yetu, Chania na Gura zinateremka kutoka huko, na Kieni, jirani zetu wa upande wa ukame, ndio waliozoea kuhesabu matone. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu kame za Kenya, na Kieni ilikuwa miongoni mwa sehemu hizo. Lakini maji yetu mengi hutiririka yenyewe kutoka mlimani kwa mabomba, hayana bwawa kubwa la kuyangoja. Mto ukishuka, bomba linashuka nao. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940 na kuwa mbunge wa Tetu kuanzia 2002 hadi 2007, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi kijito alichokichezea utotoni karibu na mugumo kilivyokauka baada ya mti huo kukatwa. Kwa hiyo jambo hili si geni hapa, hata kama tunapenda kulishangaa kila mwaka.

Uwe mteja wa kampuni ya maji ya Tetu Aberdare, uwe wa Nyewasco upande wa mjini, au mwanachama wa mradi wa maji wa kijiji, ujumbe wa themithu ni ule ule: maji ya mfereji ni ya kupikia, kuoga na mifugo, bustani isubiri. Sheria ya Maji ya 2016 nayo inayatanguliza matumizi ya nyumbani mbele ya umwagiliaji. Kamati za miradi hazina subira ya mahakama. Ukikutwa na mpira unatiririka kwenye maua saa sita mchana, unakatiwa, kisha mnazungumza baadaye.

Basi mwenye boma afanye nini, na kwa pesa ngapi? Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo wengi tunapojidanganya.

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukoka unaotakiwa ubaki kijani kwenye jua la Januari unakunywa takriban lita nne kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ukoka wa mita kumi kwa kumi, ambao si mkubwa, ni lita 400 kila siku. Hiyo ni mitungi ishirini ya lita 20. Kwa siku sabini za themithu ni lita 28,000, yaani mitungi 1,400. Kama mtungi ni shilingi 20 kwa mwenye punda au pikipiki, umemwaga shilingi 28,000 kwenye kitu ambacho hata mbuzi hukumnunulia.

Sasa chukua kitalu cha sukuma wiki na mchicha cha mita kumi za mraba. Kwa kipimo kile kile, lita 40 kwa siku. Mitungi miwili.

Bei ya mita inaficha hesabu hii. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi hamsini, na hakuna kampuni ya maji inayomtoza mwenye nyumba chochote kinachokaribia shilingi 1,000 kwa uniti, ingawa bei hupanda ngazi kwa ngazi kadiri unavyotumia zaidi. Kwa hiyo anayevunja marufuku usiku kwa maji ya mfereji ndiye anayelipa kidogo kuliko wote. Gharama yake inalipwa na walio mwisho wa bomba au juu ya kilima, ambao wakifungua mfereji asubuhi wanasikia hewa. Siwezi kuiweka njia hiyo kwenye ulinganisho huu kana kwamba ni chaguo halali. Naitaja kwa sababu ipo, na kila mtu anajua ipo.

Chaguo la bei nafuu kuliko yote ni kuuacha ukoka ulale. Hili linawauma watu, hasa aliyejenga juzi na anangoja wageni wa ruracio, yaani wa mahari. Lakini nyasi iliyo kwenye maboma mengi ya huku ni ile ile ambayo dunia nzima inaiita nyasi ya Kikuyu. Asili yake ni nyanda hizi za juu, na imesambazwa hadi Afrika Kusini, Australia na California. Inatambaa juu ya udongo na chini yake pia. Jua likizidi, majani hukauka, lakini vikonyo vilivyo chini hubaki hai vikingoja mvua. Niliwahi kumwambia jirani yangu, cucu wa miaka sabini na kitu, kwamba ukoka wake umekufa. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, nyasi hii haijui kufa. Atakayekufa ni wewe, na bili." Wiki mbili baada ya mvua ya kwanza ya njahi, boma lake na langu yalikuwa rangi moja. Tofauti ilikuwa kwamba mimi nilikuwa nimelipia mitungi.

Kulala huku kuna masharti yake, ila hayagharimu kitu. Usiikate fupi kuanzia Desemba. Iache kimo cha vidole vitatu au vinne ili ijifunike yenyewe. Usiiwekee mbolea, maana mbolea huiamsha wakati haina cha kunywa. Usifunge ng'ombe juu yake ikiwa kavu. Na kama unataka kupanda ukoka mpya, ngoja Aprili. Wanaouza nyasi kwa gunia kando ya barabara watakuuzia hata Januari, na gunia hilo litakudai maji kila siku hadi mvua.

Mji wa Cape Town uliwahi kufikishwa mbali kuliko sisi. Kuanzia tarehe 1 Februari 2018 kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, na maji ya manispaa yakapigwa marufuku bustanini. Lita hamsini ni mitungi miwili na nusu, ya kuoga, kupika, kufua na choo. Ukoka wa mita mia moja unaonyunyiziwa Tetu ungewatosha watu wanane kwa kipimo hicho.

Linalofuata kwa urahisi wa bei ni matandazo, na hapa Tetu tuna bahati. Majani ya grevilia yanaanguka bure. Mabua ya mahindi yapo, na kwa aliye karibu na kinu, maganda ya kahawa. Tandaza unene wa kiganja kuzunguka miche, migomba na mboga, ukiacha nafasi kidogo kwenye shina lisioze. Udongo uliofunikwa hukaa na unyevu siku kadhaa baada ya ule wa wazi kupasuka. Nimeona watu wakichoma majani hayo hayo asubuhi ya Jumamosi kisha jioni wanatafuta mtungi.

Maji ya kusuuza nguo na mboga nayo hudharauliwa tu. Familia ya watu wanne hutoa kwa urahisi mitungi miwili kwa siku ikikusanya ya jikoni, ya kuogea na ya kufulia, yaani kiasi kile kile cha kitalu chetu cha mboga. Lakini yasipelekwe hovyo. Yenye sabuni nyingi yamwagie migomba, ua na miti, tena kwa zamu, maana chumvi ya sabuni ikirundikana sehemu moja huuharibu udongo. Yenye Jik usiyapeleke kwenye mmea wowote. Maji ya kusuuzia ya mwisho yanafaa mboga, yakimwagwa kwenye udongo, si kwenye majani utakayokula.

Hapo ndipo swali la tangi linapoingia, na wengi huanza nalo. Bei hubadilika kwa chapa na kwa duka, lakini kwa makadirio tangi la lita 1,000 huwa karibu na shilingi 8,000, la 5,000 kati ya 35,000 na 45,000, na la 10,000 huelekea 80,000 na kuendelea. Gawanya utaona jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kila lita ya nafasi inagharimu karibu shilingi nane, uwe umenunua dogo au kubwa. Huhitaji mkopo wa tangi kubwa. Unaweza kuanza na la 1,000 mwaka huu, uongeze jingine mwakani, na hutakuwa umepoteza chochote isipokuwa nafasi ya kuyaweka.

Mimi nilinunua langu Januari, kabla ya gata za kukinga maji ya paa. Likakaa tupu miezi mitatu watoto wakiligonga kama ngoma. Fundi alipokuja kufunga gata, akazipa mteremko upande wa pili wa nyumba, na mvua ya kwanza ikamwagikia mlangoni. Kwa hiyo anza na gata, zijaribu kwa ndoo ya maji kutoka kona ya mbali, ndipo ununue tangi. Msingi pia usiudharau: lita 5,000 zina uzito wa tani tano, na tangi lililokalia udongo tifutifu hupinda na kupasuka. Weka wavu mdomoni, la sivyo umefuga mbu.

Tangi hilo la 5,000 likijaa mwishoni mwa mvua ya mwere, litakufaa kwa muda gani? Kwa ukoka wa mita mia, siku kumi na mbili na nusu. Kwa kitalu cha mboga, siku 125, yaani miezi minne, na themithu haina miezi minne. Tangi ni lile lile, na pesa ni zile zile. Anayelalamika kwamba tangi halina faida kwa kawaida amelifungia mpira unaoelekea kwenye nyasi.

Ukiongeza dripu, maji yanakwenda mbali zaidi. Zile za ndoo ya lita 20 iliyotundikwa kimo cha mita moja zilisambazwa Kenya na KARI, ambayo sasa ni KALRO, tangu miaka ya 1990, na bado zinafaa kitalu cha nyumbani. Mwenye miche michache ya parachichi au ua mchanga wa kaiyaba hahitaji hata hizo: chupa ya plastiki ya lita mbili iliyotobolewa kwa sindano na kuzikwa karibu na mzizi, ikijazwa mara mbili kwa wiki, inatosha. Nyunyizia asubuhi. Jua la mchana hunywa maji kabla ya mmea, na usiku wa Januari huku kwetu majani yaliyolowa hayapendi baridi.

Lori la maji silipendekezi kwa bustani. Bei yake hufuata umbali kuliko lita, na lori la lita 10,000 ni siku ishirini na tano za ukoka tu. Ukilazimika, kwa mfano una mifugo, muulize dereva alikoyachota. Kuchota mtoni kwa pampu kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, na si kila lori linacho.

Kisima kirefu kinahitaji kibali hicho pia, pamoja na uchunguzi wa ardhi, na gharama hupita shilingi milioni moja bila shida. Kwa shule, kanisa au majirani waliochangishana, sawa. Kwa maua, hapana.

Kabla ya kununua chochote, soma mita yako usiku watu wakiwa wamelala, uisome tena alfajiri kabla ya mtu kufungua mfereji. Ikiwa imesonga, una bomba au tangi la choo linalovuja, na pesa ya kwanza iende huko.

Nikipewa shilingi 50,000 leo, ningefunga gata, ningenunua tangi moja la 5,000, ningelielekeza kwenye mboga na miche, na ukoka ningeuacha uwe rangi ya gunia hadi Machi. Mwenye shilingi 10,000 afunge gata upande mmoja wa nyumba na anunue pipa lililotumika, akihakikisha halikubeba dawa ya shambani. Asiye na kitu atandaze majani.

Na fundi aitwe mapema, kwa maana mvua ya njahi ikianza hapatikani. Paa la mita mia za mraba likiwa na gata zilizofungwa vizuri, linajaza tangi la lita 5,000 kwa milimita 63 za mvua, hata lita moja katika kila tano ikipotea njiani.