Reli ya Malampaka Juu ya Meza

Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, iko kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, na honi zinazosikika pale ni za mabasi. Mkazi wake anayetaka kuiona reli ndani ya Mkoa wa Simiyu hana budi kwenda Malampaka, wilayani Maswa, inakopita njia ya Tabora–Mwanza iliyofika ziwani mwaka 1928 na kuanza kusomba pamba ya Usukuma. Ila kama anachotaka ni historia ya reli, au vipimo vya kuundia treni ndogo ya mezani, atahitaji bando kabla ya nauli.

Kumbukumbu zenyewe zimetawanyika. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905 wakafika Kigoma 1914, kisha vita ikawaondoa. Picha nyingi za enzi zao leo ziko kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, ambayo imeweka mtandaoni zaidi ya picha 50,000 za makoloni ya Ujerumani. Kuziangalia ni bure. Maelezo yake ni ya Kijerumani, kwa hiyo anayetafuta ajaribu na tahajia ya zamani: Mwanza iliandikwa Muansa, na Ujiji Udjidji. Ajue pia kwamba aliyeshika kamera ndiye aliyeamua nani atajwe. Mara nyingi mhandisi ana jina lake, na waliobeba mataruma ni “vibarua” tu.

Hazina nyingine iko Nairobi. Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yanatunza vichwa viwili vya mvuke vya daraja la 59, na picha zake zimejaa Wikimedia Commons. Vichwa vyote 34 vya daraja hilo viliundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252, na vyote vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Viwili vilivyobaki ni Mount Gelai na Mount Shengena: Gelai uko karibu na Ziwa Natron, Shengena uko Upare. Milima ya Tanzania, kumbukumbu ya Kenya!

Ukikitazama kwa makini, kichwa hicho ni kama vitatu vilivyounganishwa. Katikati kuna bwela refu, na kila upande limeegemea mtambo wenye magurudumu yake unaoweza kugeuka peke yake. Ndiyo maana dude la mita 31 na ushei liliweza kukata kona za reli nyembamba.

Hapo kwenye wembamba ndipo muundaji wa treni ndogo anapokwama. Kipimo kinachopendwa zaidi duniani ni 1:87, na reli zake za dukani zina upana wa milimita 16.5, kwa kuiga reli ya milimita 1,435, yaani SGR. Reli ya zamani ya Malampaka ina mita moja tu. Ukigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, kwa hiyo inayofaa ni ile ya milimita 12, inayotengenezwa hasa kwa wapenzi wa treni za milimani za Uswisi, ambazo nyingi nazo ni za mita moja.

Asiye na hela ya kuagiza Ulaya ana boksi gumu, wembe, gundi na rula. Behewa la mita 12 linakuwa na milimita 138. Urefu wa jukwaa la stesheni hupimwa kwa rula iliyomo ndani ya Google Earth, bila kutoka nyumbani. Daraja la 59 litatoka na sentimita 36, kwa hiyo meza iwe pana, la sivyo kona zitalishinda.

Anayetaka kuweka na SGR ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021, atandike njia ya pili kando, ya milimita 16.5. Mabehewa hayatahama kutoka njia moja kwenda nyingine, kama yasivyohama kwenye reli zenyewe.