Gauni la sita nililokuwa nalitupa kila siku

Wapambanaji wenzangu, leo nawaletea kisa changu mwenyewe.

Nashonesha magauni ya watoto ya kitenge, nauza Instagram na WhatsApp hapa Dar. Mwaka jana vijana watatu wa chuo waliokuwa field waliomba kufanya mradi wao wa mazingira kwenye biashara yangu. Nilitaka kukataa. Nilijua watanihubiria habari za mifuko ya plastiki, na ile ilishapigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Mimi shida yangu ilikuwa hela. Oda zipo, lakini mwisho wa mwezi sioni faida.

Wiki ya kwanza hawakushauri kitu. Walikuja na mizani ya jikoni, wakawa wanapima vipande vinavyobaki kila fundi akikata. Kisha mmoja akauliza, "Dada, kwa nini mnakata gauni moja moja?" Nikamwambia oda ndivyo zinavyoingia.

Wakasema tukusanye oda za siku mbili, tuchore vipande vyote kwenye kitambaa, ndipo mkasi ushuke. Kitenge cha yadi 6 kilikuwa kinatoa magauni 5 ya mtoto wa miaka 4. Sasa yanatoka 6. Hilo la sita ndiyo faida niliyokuwa naitafuta!

Shauri la pili nusura linigombanishe na fundi. Walisema mabaki makubwa yashonwe mifuko ya kufungashia mzigo, niache kununua bahasha za nailoni. Fundi akanuna siku mbili. Kumbe yale mabaki alikuwa anamuuzia mama mmoja anayejaza mito, na ndiyo ilikuwa nauli yake. Mimi sikujua, na wanafunzi hawakuuliza.

Tukakaa chini wote. Vipande vidogo vikabaki vyake, na kila mfuko anaoshona namlipa shilingi 200. Bahasha nilikuwa nanunua 300.

Masika yakatufundisha tena: mzigo ukalowa kwenye boda, nikamrudishia mteja hela yake. Siku hizi gauni linaingia kwanza kwenye nailoni safi ambayo kitenge kilikuja nayo dukani, halafu mfuko wa kitambaa unakuja juu.

Ya kuondoka nayo:

1. Kabla hujapandisha bei, pima unachotupa kwa wiki nzima.
2. Ukikusanya oda, mwambie mteja mapema siku ya kupata mzigo. Wangu wengi walielewa.
3. Unachokiita taka, uliza kwanza nani anakula kupitia hicho.
4. Wanafunzi wakibisha hodi, wape kiti na uwaonyeshe hesabu za kweli. Ukiwaficha, watakushauri biashara ambayo siyo yako.

Haya, wewe unatupa nini kila siku? Tuambie hapo chini, tusaidiane.