Nyuklia: Wa Mbali Anauliza Lini, Jirani Anauliza Wapi

Ukipita Buyenzi, Bujumbura, umeme umekatika, utajua kwa masikio. Mashine za kuchomelea zinanyamaza, jenereta moja inanguruma, nyingine inaitikia. Fundi anapandisha miwani kwenye paji la uso, anaagiza chai, anasubiri. Kwa anayesubiri hivyo, swali la umeme wa nyuklia ni moja: lini?

Julai 2023, huko St Petersburg, Burundi na Urusi zilitia saini makubaliano ya matumizi ya amani ya nyuklia. Lakini makubaliano ni karatasi. Kinu cha nyuklia ni ardhi, maji na majirani. Hayo waliyaona Wakenya. Mwaka 2024, kinu kilipopangiwa Uyombo, Kilifi, wakazi waliandamana: wavuvi waliihofia bahari yao. Baadaye serikali ikageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Ulaya nako hawakubaliani. Austria ilijenga kinu cha Zwentendorf kikakamilika, kisha mwaka 1978 wapiga kura wakakikataa kwa asilimia 50.5, hakijawahi kuwashwa. Ujerumani ilizima vinu vyake 3 vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023. Jirani yake Ufaransa, iliyoumizwa na bei ya mafuta mwaka 1973, hupata karibu theluthi mbili za umeme wake kwenye nyuklia. Atomu ni ileile. Kilichotofautiana ni kile ambacho kila taifa liliogopa kukikosa au kukipoteza.

Burundi ina hesabu yake ya kwanza, nayo ni ya gridi. Fikiria machela ya kumpelekea mgonjwa zahanati. Wakibeba kumi, mmoja akiteleza, tisa wanashikilia. Mmoja akibeba nusu ya uzito, akianguka, mgonjwa naye yuko chini. Ndiyo maana wahandisi hupendelea mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya gridi nzima: ukizimika ghafla, mingine iweze kuziba pengo. Kinu kikubwa hutoa kama megawati 1,000. Bwawa la Rwegura, tegemeo letu la miaka mingi, ni megawati 18. Hata vinu vidogo vya megawati 55 vingehitaji gridi pana, iliyofungamana na ya majirani.

Umeme ukirudi Buyenzi, fundi anashusha miwani, cheche zinaruka. Haulizi umetoka maporomoko gani. Siku kinu kitakapotafutiwa mlima, mwenye mlima atauliza.