Kinachoanzia Vestiere Hufika Mpaka Mgodini



Jumatatu moja alfajiri kapita wa zamu alimleta kijana mmoja dispansere. Hakuwa na kidonda, hakuwa na homa. Kapita alisema tu: "Bwana mganga, huyu amevaa buti la kulia mguu wa kushoto, na nilipomwambia akanitazama kama sikusema kitu." Nikamuuliza kijana anaumwa nini. Akajibu, malaria. Bibi yake alikuwa amempa vidonge usiku kwa sababu alitapika mara mbili. Nikampima damu, malaria hakuna. Mwanga wa tochi ulimuumiza macho, na katika dakika kumi aliniuliza mara tatu leo ni siku gani. Hapo nikaacha kuuliza habari za mbu, nikauliza habari za mpira.

Naam. Jumapili alicheza Uvira, kwenye mchanga karibu na ziwa, na timu aliyoingia mwezi ule. Timu hiyo siitaji jina. Watu wa Kalundu na Mulongwe wataijua bila mimi. Ni timu inayosifiwa kwa kutisha. Kabla ya mchezo wachezaji wake hupita mbele ya wageni wakiwaambia nani leo atarudi nyumbani kwa kubebwa. Hawana chumba cha kubadilishia nguo, kile vijana wanachokiita vestiere. Huvalia nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Lakini sheria za vestiere wanazo. Mgeni hupigwa makofi na wote wakiwa wamejipanga mistari miwili. Viatu vyake hufichwa. Na akiumia akasema, huitwa jina la mwanamke mpaka mwisho wa mwaka. Kijana wetu alipigwa kiwiko kichwani na mtu wa timu yake mwenyewe, wakigombea mpira wa juu. Alianguka, hakujua kitu kwa muda, akainuka, akacheza mpaka mwisho. Ilikuwa mara yake ya pili kuvaa jezi ile. Angesemaje kwamba kichwa kinamuuma?

Msidhani nachukia mpira mgumu. Mimi nilicheza beki, na mguu wangu wa kushoto una kovu la kuonyesha. Ila nataka tuelewe jambo hili linavyofanya kazi, kwa sababu halikuanzia kwetu na wala haliishii uwanjani.

Timu iliyojulikana zaidi duniani kwa mwenendo huu ilikuwa Wimbledon ya London, Uingereza. Iliingia katika ligi kubwa ya madaraja manne mwaka 1977, na kufikia 1986 ilikuwa imepanda mpaka daraja la kwanza. Watu waliiita Genge la Wendawazimu. Mchezo wao ulikuwa mpira mrefu wa juu, mabega, viwiko, na maneno. Kiungo wao Vinnie Jones alikuwa akibeba matofali kwenye kazi za ujenzi kabla ya kusajiliwa. Mtu wa kazi nzito kama ninyi. Mwaka 1988 mpiga picha mmoja alimnasa akimshika Paul Gascoigne wa Newcastle mahali ambapo mwanaume hashikwi, na picha hiyo ikazunguka dunia. Mwaka 1992, alipokuwa amehamia Chelsea, alionyeshwa kadi ya manjano sekunde tatu hivi baada ya filimbi ya kuanza. Sekunde tatu! Mpira wenyewe ulikuwa bado haujajua unakwenda wapi.

Ndani ya vestiere yao mchezaji mpya alikuta nguo zake zimekatwa kwa mkasi au zimechomwa moto. Kucheka kulikuwa lazima. Na tuseme ukweli, walishinda: tarehe 14 Mei 1988 waliifunga Liverpool, mabingwa wa Uingereza, 1-0 katika fainali ya Kombe la FA. Lawrie Sanchez alifunga kwa kichwa, na kipa Dave Beasant akazuia penalti. Ndiyo maana vijana wetu wakisikia habari zao hupiga makofi.

Mimi natazama upande mwingine, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Novemba 1993 mshambuliaji wao John Fashanu, akiruka kugombea mpira wa juu, alimpiga kiwiko Gary Mabbutt, nahodha wa Tottenham. Mfupa wa shavu ulivunjika pamoja na ukingo wa tundu la jicho. Mwamuzi hakutoa kadi yoyote. Mabbutt alirudi uwanjani mwaka uliofuata amevaa kinyago cha kulinda uso. Daktari alikuwapo, hospitali kubwa ilikuwa karibu, gari la wagonjwa lilikuwa tayari. Sisi kwenye mchanga wa Uvira tuna nini? Maji ya ziwa na taulo.

Na wachezaji wa Wimbledon wenyewe hawakubaliani mpaka leo. Wengine wanasema ule ulikuwa udugu. Wengine wanasema ulikuwa uonevu, na kwamba walicheka kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Mtu anayecheka kwa sababu hana njia nyingine, huyo ndiye ninayemwogopea.

Sasa turudi kwetu, maana nchi yetu inayo hadithi yake ya woga katika mpira, na ni kubwa kuliko ya London. Baba yangu alikuwa kijana mwaka 1974, na aliisikiliza kwa redio pamoja na majirani. Mwezi Machi mwaka ule Leopards wa Zaire walichukua Kombe la Afrika kule Misri, na Mulamba Ndaye akafunga magoli 9. Mwezi Juni wakaenda Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika iliyo kusini ya Sahara kufika huko. Scotland waliwafunga 2-0. Hiyo haikuwa aibu. Kisha wachezaji wakajua kwamba fedha walizoahidiwa hazitafika mikononi mwao. Mioyo ikavunjika, karibu wakatae kuingia uwanjani. Yugoslavia wakawafunga 9-0. Katika mchezo huo mwamuzi alipigwa teke kwa nyuma, akamfukuza Mulamba Ndaye, naye hakuwa na kosa. Aliyepiga ni beki Mwepu Ilunga.

Miaka mingi baadaye Mwepu alieleza yaliyofuata. Alisema walinzi wa Rais Mobutu walikuja kwao na kuwaambia kwamba wakifungwa na Brazil magoli 4 asitarajie mtu kurudi nyumbani. Tarehe 22 Juni wakacheza na Brazil, mabingwa wa dunia, huku kila mmoja akihesabu magoli kichwani. Brazil walifunga 3. Katika dakika za mwisho Brazil wakapata faulo karibu na goli letu. Kabla Mbrazili hajaupiga mpira, Mwepu alitoka mbio kwenye ukuta wa wenzake akaupiga teke mbali kabisa. Dunia nzima ikacheka: Waafrika hawajui sheria za mpira! Kadi ya manjano. Watangazaji wa nchi za nje walirudia kichekesho hicho miaka na miaka. Lakini Mwepu aliijua sheria vizuri sana, na alisema hivyo mpaka alipofariki mwaka 2015. Lile halikuwa teke la mjinga. Lilikuwa teke la mtu mwenye hasira juu ya waliokula fedha zao, ambaye pia ametishwa.

Nawaambia hadithi hii kwa sababu mganga anaisoma kwa namna yake. Woga unapomshika mtu, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga ndani ya damu kitu kinachoitwa adrenalini. Moyo hupiga mbio. Damu hukimbilia misuli mikubwa ya miguu na mikono. Vidole hutetemeka, kinywa hukauka, macho hutazama kitu kimoja tu na kuacha vya pembeni. Maumivu hupungua kwa muda. Mwili umefanya vema kabisa ikiwa kiboko ametoka ziwani nawe uko njiani kwake. Huhitaji vidole, unahitaji miguu. Lakini kazi ya kutazama dari la mgodi, ya kusikiliza jiwe kabla halijashuka, ya kufunga kamba, ya kuhesabu baruti zilizolipuka na ambazo bado, kazi hiyo inataka macho ya pembeni na vidole vilivyotulia. Mtu anayemwogopa mwenzake kuliko anavyoliogopa jiwe hawezi kuifanya.

Nimesikia yanayofanyika kwenye zamu zetu. Mgeni hufichiwa taa yake ya kofia "kwa kumjaribu". Hutumwa kuomba chombo ambacho hakipo, ili watu wacheke. Akiuliza swali mara mbili hupewa jina la kumdhihaki. Hawa wanaofanya hivyo si watu wabaya, nao walifanyiwa. Bali fikirini: mtu huyo mmemfundisha kwa wiki nzima kwamba anayeuliza ni mjinga na anayesema naumwa ni mwoga. Siku ya nane anaona ufa mpya juu ya vichwa vyenu. Atasema? Atanyamaza kwanza aone kama wakubwa wameuona. Na kumficha mtu taa chini ya ardhi, hilo silihesabu kuwa mzaha hata kidogo. Kapita anayeliona akacheka ameshiriki.

Kuhusu kichwa kilichopigwa, akina mama sikilizeni, kwa sababu wanaume watawaficha. Ubongo hukaa ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Pigo likiwa kubwa, ubongo hutikisika na kujigonga hata kama ngozi haikupasuka. Anayepigwa huweza kuonekana mzima, akala, akazungumza, na shida ikaja usiku. Siku mbili za kwanza asibaki peke yake, asinywe pombe. Kulala si kosa, lakini akilala mwamsheni mara kwa mara, muulize jina la mtoto wake. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akisema maneno yasiyoungana, akilala usingizi mzito usioamka, akipata degedege, maji au damu ikitoka puani au sikioni, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, msingoje asubuhi na msitafute vidonge vya malaria. Mpelekeni hospitali usiku uleule. Na hata akiwa na dalili ndogo tu, asirudi uwanjani wala mgodini kabla ya kupimwa, maana pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona huweza kuua.

Kijana wetu tulimpeleka hospitali, akakaa siku mbili akiangaliwa, kisha akapumzika majuma matatu. Bibi yake alijua habari ya kiwiko kutoka kwa mtoto wa jirani aliyekuwa akiokota mipira. Alikasirika kuliko mimi, na nadhani alikuwa na haki: yeye ndiye aliyekaa usiku kucha akimpa dawa isiyohusika, huku mume akimtazama na kunyamaza.

Jumatatu dispansere hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, kabla ya lori la kwanza kupanda. Ukiwa umeanguka Jumapili, njoo pamoja na mtu aliyekuona ukianguka, kwa sababu wewe mwenyewe huenda hukumbuki.