Sura ya Nne: Mto Unapopanda Ukutani

Septemba 1860, maofisa wawili wa jeshi la Uingereza nchini India, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walivuka kutoka Unguja hadi Bagamoyo. Walikuwa wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Mwanzoni mwa Oktoba msafara ulishika njia ya bonde la Ruvu, mto ambao wasafiri wa enzi hizo waliuita Kingani. Njiani Grant alichora kwa penseli na rangi za maji. Michoro yake leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland.

Aghalabu mtazamaji wa maonyesho huanza kwa kuuliza kama picha imefanana na mto. Swali lenye faida zaidi ni hili: mchoraji alikuwa wapi, na kazi yake ilipitia mikono ya nani?

Tuchukue maporomoko ya Ripon, pale Nile inapotoka Ziwa Viktoria. Speke aliyafikia tarehe 28 Julai 1862. Grant hakuwapo, alikuwa ameelekea Bunyoro. Kitabu cha Speke kilitoka 1863, picha zake nyingi zikitokana na michoro ya Grant. Hata hivyo, mchoraji Johann Baptist Zwecker alizichora upya London, kisha mafundi wakazichonga kwenye vibao vya kuchapia. Kila mkono uliongeza na kupunguza. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls, Jinja, liliyazamisha maporomoko hayo. Tangu hapo picha za zamani zimekuwa ushahidi, na ushahidi lazima ujulikane umetoka kwa nani.

Sasa tushuke pwani. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, wilaya inayopakana na Mto Ruvuma, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia kilichopatikana dukani: vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ing'aayo. Kwanza ubao mzima hupakwa rangi moja na kuachwa ukauke. Kisha huja umbo la mnyama, halafu madoa na mistari. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na leo picha za mtindo huo zinatundikwa hata kwenye vibaraza vya Mji Mkongwe wa Bagamoyo.

Katika picha hizi mto mara nyingi hautambuliki kwa kingo wala kwa upeo wa macho. Utaujua kwa kiboko, mamba na samaki waliojaza ubao hadi pembeni. Mchoraji hakulazimika kusimama ukingoni. Alichora anachokumbuka, au alichofundishwa na fundi wake. Ndiyo maana kiboko yuleyule hurudi katika picha za watu kumi. Anayeziona kuwa nakala tu hukosa nusu ya kazi: atazame jinsi kila mkono unavyoweka madoa na unavyochagua rangi ya chini.

Grant alichora mahali alipopita. Tingatinga na wenzake walichora viumbe wa mahali popote penye maji. Mwandaaji akizitundika picha hizo ukuta mmoja, kibandiko cha chini chenye jina la mto pekee hakitoshi. Kiseme aliyechora, mwaka, alichokiona kwa macho yake, na aliyeinakili baadaye. Bila hayo, mtazamaji atachukua kazi ya fundi wa London kuwa ndiyo Nile yenyewe.